Nyusi za Pijo

Mwisenge, Musoma
4 Februari 1973

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristu. Sisi huku hatujambo, shule imefunguliwa na darasa langu lina watoto sitini na wawili. Mwalimu mkuu ananiambia nishukuru, mwenzangu ana themanini.

Baba, nilipokuja Krismasi ulisimama mbele ya Pijo ukasema, "Imekuwa kama mtu aliyeamka na tongotongo." Ulicheka, lakini mimi nilikuona. Pete moja ya taa imeliwa na kutu, nyingine ilianguka njia ya Kiabakari. Gari hilo limebeba wajawazito wangapi wa Buswahili, limebeba majeneza mangapi! Halistahili kukaa na tongotongo.

Basi nakuletea kifurushi kwa mkono wa kondakta wa basi la Jumatano. Ndani kuna pete mbili mpya za taa, na juu ya kila pete kuna kitu ambacho hukukitegemea. Sisemi. Utaona mwenyewe. Ila usikifungue mbele ya baba mdogo Werema, atasema mwalimu wa Ujamaa analeta mapambo ya mabepari.

Msalimie mama.

Mwanao,
Euphrasia


Buswahili
18 Februari 1973

Mwanangu Euphrasia,

Milele amina. Marahaba.

Kifurushi kimefika. Nilipofungua lile gazeti nilinyamaza mpaka mama yako akauliza, "Kuna msiba?" Nikamwambia njoo uone. Akaja na mikono yenye unga, akaifuta kwenye kanga kabla ya kuzigusa.

Mwanangu, nimeendesha magari ya misheni miaka ishirini. Nimeona magari ya maaskofu, nimeliona la Gavana mkoloni alipopita Musoma. Sijaona kitu kama hiki. Pete ni nyeupe kama tumbo la sato aliyetoka majini sasa hivi. Na hizo nyusi! Maana sijui niziite nini. Zimetoka juu ya taa kama kiganja cha mtu anayejikinga jua aone ng'ombe wake wako wapi. Nilikuwaga naziona kwenye magari ya Wazungu wa Nairobi zamani, lakini zile zilikuwa bati tu. Hizi zimekunjwa ukingoni, mkunjo mwembamba kama pindo la kanga, wala huoni nyundo ilipopita.

Jumamosi nilikaa kutwa nzima uani. Skrubu za zamani zilikuwa zimeganda, nikazilowesha mafuta ya taa mpaka zikakubali. Nikasugua kutu kwa msasa, nikakata mpira wa ndani wa baiskeli nikautandika chini ya pete ili maji yasiingie wala isigonge. Juu kuna kidoana kinachoshika, chini skrubu moja tu. Taa ya kulia ilikaa kama kifuniko kwenye chungu chake. Nikafunga skrubu, nikarudi nyuma hatua kumi, nikakaa chini.

Ya kushoto imekataa. Imesimama mbali na bodi unene wa ukucha. Si kosa la pete. Mwaka sitini na tatu nilijibana kwenye pantoni ya Kirumi, na upande ule haujawahi kuwa mviringo tena. Niambie umezinunua duka gani na fundi wake ni nani, nimwandikie. Huyu lazima ni mzee aliyefundishwa na Wajerumani.

Baba yako,
Burito Makongoro


Mwisenge
25 Februari 1973

Baba,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara tatu, ya tatu nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa shule na watoto wananishangaa.

Hazikutoka duka lolote. Zimetengenezwa Bunda. Unakumbuka sufuria kubwa la uji la shule niliyofundisha kule Manyamanyama kabla ya uhamisho? Lilitoboka, likatupwa. Hilo ndilo ulilolifunga kwenye Pijo.

Fundi anaitwa Ngolo Nyamhanga. Mwandikie tu, barua zake hupitia shule ileile. Alikuwa mwanafunzi kwenye darasa letu la watu wazima, kwa hiyo anasoma, ila polepole. Andika herufi kubwa.

Mwanao,
Euphrasia


Buswahili
4 Machi 1973

Kwa Mzee mwenzangu Fundi Ngolo,

Salamu nyingi. Mimi ni baba yake Mwalimu Euphrasia. Nimepokea kazi ya mikono yako. Nimeambiwa ilikuwa sufuria. Bado sijaamini.

Upande wa kushoto wa gari langu una kasoro ya zamani. Kukueleza kwa maneno nimeshindwa, kwa hiyo nimefanya hivi: nimechukua udongo wa kichuguu, nimeukanda kama ugali, nimeukandamiza pale pete inapokaa, nimeuacha ukauke. Nakutumia udongo huo ndani ya boksi la sabuni, umefungwa kwa majani ya mgomba, pamoja na pete yenyewe. Nimemwambia kondakta aupakate kama mtoto. Ukifika mzima utaona kasoro ilivyo.

Mungu akuzidishie miaka, mzee wangu.

Burito Makongoro


Manyamanyama, Bunda
20 Machi 1973

Mzee wangu Burito,

Shikamoo. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyejifunza ukubwani, unisamehe.

Mimi si mzee. Nina miaka ishirini na tisa.

Udongo umefika mzima. Niliuweka mbele yangu siku mbili bila kushika nyundo, nauangalia tu. Wazo la kutumia udongo sikuwahi kulifikiria. Umenifundisha kitu. Gari lako lilibonyea kidogo tu, lakini lilibonyea na kujipinda, ndiyo maana pete haikai. Pete ile nimeiacha. Nimetengeneza nyingine kwa kufuata udongo wako. Ukiiweka mezani itaonekana mbovu. Usishtuke. Ikifika kwenye gari itanyooka.

Ukifunga, anza na kidoana cha juu. Usikaze skrubu mpaka mwisho kwa mara moja. Kaza nusu, piga kwa kiganja kuizunguka pete yote, sikiliza. Ikilia tupu mahali, hapo mpira haujakaa. Ikilia bubu pande zote, kaza. Usitumie bisibisi kubwa. Alumini ni laini, ina aibu, ukiilazimisha inakunja uso na haikunjuki tena.

Kijana wako,
Ngolo Nyamhanga


Buswahili
2 Aprili 1973

Mwanangu Ngolo,

Marahaba, na samahani kwa kukuzeesha.

Nimefanya ulivyosema. Mezani pete ilionekana kama imekanyagwa na ng'ombe. Mama Euphrasia alisema, "Huyo kijana amekosea." Nikaanza na kidoana, nikakaza nusu, nikapiga kwa kiganja. Ilikuwa inalia tupu upande wa chini. Nikafungua, nikaongeza mpira, nikapiga tena. Bubu pande zote! Nikakaza. Mwanangu, kasoro ya miaka kumi imefutika mbele ya macho yangu. Nilipitisha kidole kuzunguka pete yote nikitafuta mahali pa kuingiza hata ukucha. Sikupata. Nilivua kofia.

Jumapili baada ya misa watu hawakwenda nyumbani. Walizunguka gari. Bibi mmoja alijiona usoni kwenye pete akaanza kujifunga kilemba vizuri. Hata ndugu yangu Werema, ambaye hasifii kitu tangu tupate Uhuru, aliinama akaangalia muda mrefu, kisha akasema, "Aliyefanya hii ana kitu." Kwa Werema hiyo ni sala.

Sasa nina ombi. Pasaka ni tarehe ishirini na mbili. Njoo ule na sisi. Nitachinja mbuzi. Nataka kukuona na kuishika hiyo mikono.

Baba yako,
Burito


Manyamanyama
10 Aprili 1973

Mzee wangu Burito,

Shikamoo.

Barua yako mama yangu aliniomba nimsomee mara mbili. Alipenda pale ulipovua kofia.

Mzee, siwezi kuja kula kwako kabla hujajua mimi ni nani. Ulijua jina langu tu. Sikukuficha, ila hukuniuliza, na mimi sikusema. Sasa nasema.

Mimi ni Mturi. Baba yangu alikuwa mhunzi, na baba yake, na baba yake tena. Unajua watu wa kwenu wanavyokaa na sisi. Wananunua majembe yetu, lakini jembe linawekwa chini kwanza ndipo linaokotwa, halitoki mkono kwenda mkono. Hatuoani. Hatuli chungu kimoja. Mama yangu mpaka leo akienda kisimani anasimama pembeni mpaka wote wamalize, hata kama hakuna aliyemwambia.

Nikila mbuzi wako wakati hujui unamlisha nani, nitakuwa nimemwiba.

Pete ni zako, hata ukizitupa.

Ngolo Nyamhanga


Buswahili
15 Aprili 1973

Euphrasia,

Nimezing'oa. Zote mbili. Ziko kwenye gunia stoo.

Ulijua? Umeleta kazi ya Waturi nyumbani kwangu, nikaishika, nikaisifu, nikaipeleka mpaka uwanja wa kanisa, na ulijua?

Usiniandikie habari za TANU. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, ahadi za chama nazikariri kuliko wewe. Haya ni mambo ya waliotuzaa.

Baba


Mwisenge
24 Aprili 1973

Baba yangu,

Shikamoo. Nililia Pasaka yote lakini sikuandikii kwa sababu hiyo.

Nilijua. Kosa ni langu, si la Ngolo. Yeye alisema tangu mwanzo, "Mwambie baba yako kwanza." Mimi nikakataa. Nilitaka uione mikono yake kabla hujasikia ukoo wake. Nilijua ukisikia ukoo kwanza hutaona mikono kabisa.

Na kuna jingine, Baba, nalo nalisema sasa ili lisije likakufikia kwa midomo ya watu. Ngolo anataka kunioa, na mimi nataka aniolewe. Naona nimekosea hata kuandika. Nataka kuolewa naye. Jioni moja kwenye lile darasa la watu wazima nilimpa chaki aandike jina lake ubaoni. Aliandika la mama yake kwanza: NYAMBURI. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Hili halijawahi kuandikwa popote."

Sitaolewa bila wewe. Lakini sitaolewa na mwingine.

Mwanao,
Euphrasia


Mwisenge
10 Juni 1973

Baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Kondakta ananiambia wewe ni mzima. Anasema mama amemtuma aniambie kwamba kila asubuhi unaingia stoo na hutoki na kitu.

Nakusalimu tu. Shikamoo.

Euphrasia


Buswahili
29 Julai 1973

Mwanangu Euphrasia,

Marahaba. Marahaba zote tatu ulizonidai.

Kaa chini usome polepole, maana nami naandika polepole.

Mama yako alisema kweli. Nilikuwa naingia stoo kila asubuhi. Mara ya kwanza niliingia nizitupe. Nikafungua gunia, nikaitoa ile ya kushoto, nikaigeuza. Mwanangu, sikuwahi kuiangalia kwa ndani, upande unaoelekea bodi, ambao ukishafungwa hauonwi na mtu mpaka gari life. Umesuguliwa kama wa nje. Unang'aa uleule. Nilikaa juu ya debe la mbegu za pamba nikajiuliza, huyu kijana alikuwa anamng'arishia nani huku ndani? Kesho yake nikarudi nikaangalia tena, nikidhani nimekosea. Miezi mitatu nilifanya hivyo.

Nikiwa na miaka saba hivi nilitoroka machungani nikaenda kuchungulia kwenye ua wa Waturi. Tuliambiwaga ukiwatazama wakifanya kazi utapofuka. Nilichungulia tundu la ua, nikaona moto, nikasikia nyundo, na kabla sijaelewa mama yangu alinishika sikio. Nilipigwa siku ile kuliko siku nyingine yoyote. Sikupofuka, lakini sikurudi tena.

Sasa, Alhamisi wiki mbili zilizopita mke wa jirani yetu Keraryo alishikwa na uchungu wa siku mbili, nikampeleka hospitali Bunda. Alijifungua salama, mtoto wa kike. Asubuhi nikawasha gari nirudi nyumbani. Pijo ikaenda Manyamanyama. Nakuambia ndivyo ilivyokuwa, mimi nilishika usukani tu.

Nilifuata mlio wa nyundo, nikasimamisha gari nje ya ua wa Ngolo. Nikakaa ndani ya gari, mzee wa miaka sitini na tatu, nachungulia kama mtoto.

Kijana alikuwa amenipa mgongo. Pembeni ya moto ameketi mama mzee, mwembamba kama mti wa jembe, anavukuta mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono huu, bila haraka. Moto ulikuwa unapumua naye. Ndani yake kulikuwa na chuma. Kijana hakukiangalia kabisa, alikuwa anapanga koleo zake. Yule mama ndiye aliyekuwa akitazama. Chuma kikawa chekundu, hakusema. Kikawa na rangi ya chungwa, hakusema. Kikafika rangi ya kiini cha yai la kienyeji, akasema neno moja, "Sasa." Na kabla neno halijaisha mkono wa kijana ulikuwa umeshafika. Akapiga mara nne, akasikiliza, akapiga mara moja. Kile kipande cha lori la zamani kikawa ncha ya plau. Nimekula Komunyo maisha yangu yote, Euphrasia, na bado nilijiona naona kitu kitakatifu ambacho sikustahili kukiona.

Ndipo akageuka. Aliangalia taa kabla ya kuniangalia mimi. Akaona zilivyo tupu.

"Shikamoo, Mzee Burito."

"Marahaba."

"Zimeharibika?"

"Hazijaharibika," nikasema. "Ni mimi."

Nilikuwa na gunia kwenye buti. Usiniulize nililiweka lini. Nikalitoa nikamnyooshea. Hakupokea. Aliweka mikono nyuma, akasubiri niliweke chini, kama desturi. Nami nikalishikilia. Tulisimama hivyo, mwanangu, maana sikutaka kulishusha. Akamtazama mama yake. Akanyoosha mikono yote miwili, akalipokea kutoka mikononi mwangu. Viganja vyake ni vigumu kama kwato. Nilivishika.

Tukazifunga pamoja. Nilidhani nitasimama niangalie, lakini akaniambia, "Mzee, shika hapa," kama mtu anavyomwambia fundi mwenzake. Nikashika pete, yeye akaingiza kidoana, akakaza nusu, akapiga kwa kiganja. "Sikia," akasema. Nikainamisha sikio. Ilikuwa inalia tupu kidogo upande wangu. Nikamwambia. Akatabasamu, akafungua, akaongeza mpira. Tulipiga sote wawili, kiganja changu na chake, mpaka ikalia bubu.

Hatukutaja jina lako hata mara moja.

Tulipomaliza nilikuwa na kiu. Jua la Bunda unalijua. Mtungi wao uko kivulini mlangoni, na kata iko juu yake. Nikasema, "Naomba maji." Kijana akasema, "Mzee, pale kwa jirani kuna watu wa kwenu, nikakuombee kwao?" Nikasema, "Nimeomba hapa."

Yule mama akainuka. Alichota, akaja, na akafanya kitu kilichonivunja. Aliweka kata chini, mbele ya miguu yangu, akarudi nyuma hatua mbili. Nami nikaiinua. Nilikunywa yote. Nikamfuata pale aliposimama, nikampa kata mkononi mwake, nikamwambia, "Niongeze, mzazi mwenzangu."

Hakulia, wala hakucheka. Akaenda akachota, na safari hii akanipa mkononi.

Sasa usidhani mambo yameisha. Baba yako mdogo Werema nimemweleza mwenyewe. Amesema hatakanyaga kwangu, na ukiolewa atakuwa hana ndugu. Tumenyonya titi moja, mimi na Werema. Nilimsindikiza mpaka njia panda, hakugeuka. Itaniuma mpaka nizikwe, na huenda asije hata kunizika. Lakini nimeliona lililo kweli kwa macho yangu, siwezi tena kusema sikuliona.

Nimewaalika Jumamosi ya tarehe kumi na moja Agosti. Ngolo na mama yake. Nitawafuata mwenyewe na Pijo, na mama Nyamburi atakaa kiti cha mbele. Omba ruhusa shuleni uje Ijumaa.

Nilipomsimulia mama yako yote haya alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Niliogopa. Nilipomaliza aliuliza swali moja tu: "Huyo mama anakulaga nini?"

Nilifungua mdomo nimjibu, nikakuta sijui. Tumeishi nao tangu mababu, tumelima kwa majembe yao na kuvuna kwa visu vyao, na sijui wanakula nini.

Muulize Ngolo. Utuandikie upesi, maana mama yako anataka kwenda sokoni.

Baba yako,
Burito Makongoro